Waya Mmoja na Ukoko wa Sufuria ya Chibago

"Kaya ni kitu gani?"

Nyemo aliuliza hivyo mkutanoni, amesimama, mtoto mgongoni. Mwenyekiti Malogo akasema, "Swali zuri sana," akajipigia makofi, akahamia ajenda nyingine.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi ambapo simu zilikuwepo ila chaji haikuwepo, kijiji cha Chisewe kilijenga mtambo wa pamoja wa umeme wa jua. Paneli zikasimamishwa uwanjani, betri zikawekwa kibandani, jua likawa la wote. La wote, isipokuwa wa bondeni. Betri zilikuwa zimebakiza nguvu ya waya mmoja tu, na bondeni kulikuwa na nyumba tatu. Na kamati ilikuwa na sheria yake: kaya moja, waya mmoja.

Nyumba ya kwanza ni ya Nyemo mwenyewe. Mwanawe alikuwa akikohoa kwa moshi wa koroboi, na zahanati walishamwambia: ukitaka kifua hiki kipone, zima hiyo koroboi. Nyumba ya pili ni ya Mzee Chibago, mgane, ambaye mwenzake wa mazungumzo alikuwa redio, na redio ilishakata kauli kwa kukosa chaji. Nyumba ya tatu ni ya Foibe, mfuga kuku. Giza likiingia tu, kicheche anafika kuchagua kifaranga kama mtu aliye hotelini.

Nyemo hakukubali kunyamazishwa kwa makofi. Alimfuata mwenyekiti kisimani, akamfuata kanisani, akamfuata mpaka mlangoni pa choo.

"Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja!" Malogo akapiga kelele kutoka ndani. "Sasa niache!"

Nyemo akarudi bondeni mbio. "Jamani, tule chungu kimoja, tuwe kaya moja!"

"Na huyu?" Foibe akamnyooshea Chibago kidole. Wawili hawa walikuwa hawasemeshani tangu mbuzi wa Chibago alipotafuna wigi la Foibe siku ya kipaimara.

"Mwambie kwamba yule mbuzi alishakufa," Chibago akamjibu Nyemo. "Na wigi ndilo lililomuua."

Hata hivyo walikubaliana. Chibago akatoa sufuria yake kubwa, ile ya misibani. Foibe akapika. Nyemo akawafundisha majibu ya kuwapa kamati. Wakala mchana, wakala jioni, na wale wawili wakasemezana kwa kupitia sufuria.

"Sufuria, mwambie huyo mzee asitafune kama anayepasua kuni."

"Sufuria, mwambie huyo mama kwamba chumvi si adui."

Siku ya ukaguzi kamati ilikuja nzima, imevaa makoti kwenye jua kali. "Nyinyi ni kaya kweli," Malogo akauliza, "au mnatuigizia?"

Nyemo akaanza hotuba. Hotuba ilikuwa nzuri, lakini wali ulikuwa umeisha, na chini ya sufuria umebaki ukoko. Akaiacha hotuba katikati, akaunyakua. Chibago akauvuta. Foibe akamchapa Chibago mkono kwa mwiko: "Mzee mlafi wewe, toa mkono!"

Wanakamati wakatazamana.

"Wanagombania ukoko," Malogo akasema, amelegea kwa kuguswa. "Wanachapana miiko mbele ya wageni. Jamani, hii ni kaya." Mhuri ukagongwa.

Kesho yake fundi akapanda nguzo, Malogo akisimamia chini. "Nifunge nyumba ipi?"

Hilo hawakuwa wameliwaza hata kidogo.

"Funga pale nje, juu ya sufuria," Nyemo akasema.

"Mvua itaiua taa. Na usiniambie niugawe waya. Ukigawanywa, kijiji kizima kinazima."

"Basi tuhamie nyumba moja."

"Na kuku wangu?" Foibe akauliza.

Nyemo akafikiria manyoya ya kuku na kifua cha mwanawe. Akalifuta lile wazo, akasimama wima. "Kama ni hivyo, waya ni wangu. Bila wazo langu, sufuria ile ingekuwa inasubiri msiba. Nimemfuata mtu mpaka chooni! Nyinyi mnakosa kuku na redio; mimi nakosa pumzi ya mwanangu."

"Binti yangu," Chibago akasema, "wazo bila sufuria ungelipikia wapi? Na mkono uliochapwa mwiko ni wa nani? Tazama ulivyovimba. Bila mkono huu hakuna ugomvi, bila ugomvi hakuna mhuri. Halafu nyinyi mna watu wa kuongea nao. Giza la mtu mmoja mnalijua?"

"Na ukoko uliunguzwa na nani?" Foibe akadakia. "Mnadhani sijui kupika? Niliuacha uungue makusudi, maana nawajua walafi. Na kila kitoweo mlichokula kilikuwa kuku wangu. Kicheche na nyinyi mmenimalizia banda!"

Hoja zote mbili zilikuwa na mashiko, na hilo ndilo lililomkera Nyemo zaidi.

"Fundi akishuka hamjaamua," Malogo akatangaza, "waya unakwenda kwenye kilabu cha pombe cha shemeji yangu."

"Kilabu!" Nyemo akafoka. "Tangu lini kilabu kikawa kaya?"

"Wanakunywa chungu kimoja."

Huko juu fundi akaita, "Jamani, miguu inakufa ganzi! Nashuka!" Akateremsha mguu mmoja.

Haya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa: waya ule ulikuwa haki ya nani? Ya mwenye wazo, ya mwenye sufuria na mkono uliovimba, au ya mwenye kuku aliyeunguza wali kwa akili? Usiseme ni wa wote. Shemeji yake Malogo anaomba useme hivyohivyo. Tafadhali, taja mlango mmoja, na utaje kwa sauti, fundi asikie.