Kompyuta Iliyokuwa Njiani Kurudi

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta kuukuu, na alikuwa akiionea haya. Aliitwa Lutengano, jina ambalo kwa Wanyakyusa maana yake ni amani, lakini amani yenyewe ilikuwa imempita mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la stesheneri kwenye barabara inayopanda kutoka sokoni Tukuyu, akitoa kopi, akichapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na wasifu wa marehemu. Tatizo lilikuwa mikono yake, ambayo haikujua kutulia. Chai aliinywa ingali inaunguza. Mteja akianza kueleza shida yake, Lutengano alimmalizia sentensi, na mara nyingi alimalizia vibaya. Printa ikichelewa kutoa karatasi, aliivuta, karatasi ikachanika, kisha akailaumu printa.

Kompyuta ile ilikuwa imemtumikia muda mrefu. Iliwaka polepole, kama mtu mwenye magoti mabovu anayeinuka kitini, lakini ikishainuka ilifanya kazi mpaka jioni. Ndani yake mlikuwa na kila alichowahi kuwaandikia watu, na hakuna hata kimoja alichokihifadhi pengine. Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka jingine lenye mashine mpya za vioo vyembamba. Siku moja mteja alikitazama kioo cha Lutengano, akacheka, akauliza, "Hivi sura hii bado ipo?" Hakusema zaidi ya hapo. Lakini tangu siku ile Lutengano hakuweza kuiwasha mashine yake bila kuona kwamba inamwaibisha.

Asubuhi moja akaamua kuiwekea mfumo mpya, ule ule wa mashine za jirani. Mfumo ulipoanza kujipakia ulimwonya kwa maneno yaliyo wazi: mashine hii ni ya zamani, na nafasi iliyobaki ni ndogo. Ulimshauri aondoe baadhi ya vitu, vingine avihifadhi mahali pengine, ndipo aendelee. Lutengano hakutaka kuondoa kitu, wala hakutaka kungoja. Akatafuta mtandaoni njia ya kulikwepa onyo lile, akaipata upesi, maana njia za kukwepa onyo hazikosekani kamwe. Akabonyeza "endelea".

Mwanzoni mambo yalikwenda. Namba zilipanda kwenye kioo, naye akapanda nazo kwa furaha. Halafu zikasimama. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi, namba ni ile ile. Akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Akarudi tena. Alipoona bado, akasema kwa sauti, "Imekwama hii," akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi.

Alipoiwasha tena haikurudi kwenye sura aliyoizoea. Kilitokea kioo cha buluu, kiduara kinachozunguka, na chini yake mstari wa maandishi meupe. Lutengano aliliona neno la kwanza, "Tafadhali", akasema moyoni kwamba hana muda wa kubembelezwa na mashine. Akaizima. Akaiwasha. Buluu, kiduara, maandishi. Akaizima tena.

Ndugu zangu, angekuwa peke yake na shida yake labda hadithi ingeishia hapo, na hasara ingekuwa yake mwenyewe. Lakini mchana ule mwanamke mmoja aliingia dukani amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba. Alikuwa Bibi Tusekile, dada yake Mzee Asajile.

Mzee Asajile alikuwa mtu wa kiwanda cha chai, na alipoona ugonjwa hautamwacha alifanya jambo ambalo wengi hatulithubutu. Alikuja dukani kwa Lutengano asubuhi kadhaa, dada yake amemshika mkono, akaketi kwenye benchi, akasimulia maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe ili yasomwe siku ya mazishi. Alisimulia alikotoka na alikokosea. Aliwaaga watoto wake kila mmoja kwa jina, hasa yule wa mwisho, Neema, aliyekuwa akifanya kazi mbali na ambaye hakuwahi kufika kumuuguza. Akichoka alinyamaza, Bibi Tusekile akampa maji, na Lutengano, katika mojawapo ya mara chache maishani mwake, alilazimika kungoja.

Sasa Bibi Tusekile alisimama mbele yake. "Kaka ametutoka alfajiri," alisema. "Tunazika kesho. Nimekuja kuchukua maneno yake."

Lutengano akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Halafu mdomo wake ukafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea kufanya, ukakimbia. "Yapo, mama. Mashine inajiweka sawa kidogo tu. Nenda nyumbani, nitayaleta."

"Nyumbani ni vilio toka mlangoni mpaka jikoni," alisema Bibi Tusekile. "Niache nikae hapa nipumue." Akaketi kwenye benchi, mahali pale pale alipokuwa akiketi na kaka yake, akaikunja mikono yake mapajani, akaitazama mashine.

Basi Lutengano akaanza kuhangaika mbele ya macho ya mfiwa. Alichomoa waya wa umeme, akauchomeka kwenye soketi nyingine. Akaiwasha: buluu, kiduara, maandishi. Akaizima. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akagusa hiki na kile bila kujua anachokigusa. Akaiwasha, akaizima. Alilaumu umeme wa wilaya nzima. Alimlaumu jirani wa ng'ambo kwa kuleta mashine zake. Alitoka nje, akasimama juani kama mtu aliyesahau alichofuata, akarudi ndani akaanza upya. Kila mara kiduara kilipozunguka, yeye alihesabu moyoni kwa haraka, na kabla hesabu haijafika popote mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe.

Mwishowe akampigia simu fundi aliyemfahamu, Ipyana.

"Imeandika nini kwenye kioo?" Ipyana aliuliza.

"Imeandika yale maneno yao ya siku zote."

"Nisomee."

"Nimeshaizima."

"Iwashe, halafu usome yote mpaka mwisho, unipigie." Ipyana akakata simu.

Lutengano aliona amejibiwa vibaya. Hakutaka kusoma, alitaka kuambiwa la kufanya. Ndipo akakumbuka flashi iliyokuwa kwenye droo, ambayo mtu alimpa zamani akamwambia, siku mashine ikikushinda kabisa, chomeka hii, itafuta kila kitu na kuanza upya. Akaitafuta, akaipata, akaichomeka. Kioo kikabadilika. Kikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta vyote vilivyomo.

Akasimama, kidole juu ya kibodi. Alijua vizuri kilichokuwamo. Lakini wasiwasi ukimshika mtu sana humfanya aone hasara ya haraka kuwa nafuu kuliko kungoja. Angalau ingekwisha. Angalau angemgeukia yule mama na kusema, imekufa, mama, nisamehe, na mikono yake ingepata kupumzika.

Bibi Tusekile hakujua flashi ni nini. Hakujua kufuta wala kuanza upya. Lakini tangu mchana hakuwa na kitu kingine cha kutazama, naye alikuwa ametoka kumuuguza mtu aliyezungumza polepole. Akasema, "Mwanangu, mbona kila ikitaka kusema unaiziba mdomo?"

Lutengano akaichomoa flashi, akaizima mashine kwa mara nyingine, akaiwasha, akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mfungwa. Kioo kikawa cha buluu. Kiduara kikazunguka. Maandishi yakaja, na safari hii akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, akiyafasiri kutoka Kiingereza kwa ajili ya mama yule. "Tafadhali ngoja. Uwekaji wa mfumo mpya umeshindikana. Tunairudisha kompyuta yako kama ilivyokuwa. Usiizime."

Akayasoma tena kimya. Mashine haikuwa imekwama. Toka asubuhi ilikuwa ikijaribu kurudi nyumbani, na kila ilipopiga hatua kadhaa, mtu mmoja aliiangusha njiani, na mtu huyo alikuwa yeye.

Akaketi kwenye benchi kando ya Bibi Tusekile, mbali na kitufe. Akamwambia ukweli: kwamba maneno ya Mzee Asajile yamo humo ndani na hayapo mahali pengine popote duniani, kwamba yeye ndiye aliyeivuruga mashine kwa kuona haya, kwamba huenda yamepotea.

Bibi Tusekile alimgeukia. "Kwa hiyo mchana kutwa umenidanganya," alisema, "na mimi nina maiti nyumbani."

Hakumfariji. Wala hakuondoka. Wakakaa.

Na kukaa kule kulimwia Lutengano vigumu kuliko kuhangaika kote. Miguu yake ilicheza chini ya benchi. Wateja walichungulia mlangoni, akawaambia kumefungwa. Katikati ya kungoja, kioo kikazimika chenyewe, giza tupu. Lutengano akaruka juu. Bibi Tusekile akamdaka shati. "Kaa!" alisema, kwa sauti ya mtu anayemwamrisha mtoto aliye karibu na moto. Akakaa. Kioo kilibaki cheusi kiasi cha kumtoa mtu jasho. Kisha taa ndogo ya mashine ikapepesa, buluu ikarudi, kiduara kikaendelea na safari yake. Lutengano akaikalia mikono yake.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati ya soko, ndipo ile sura ya zamani ilipotokea kwenye kioo, sura ile ile aliyoionea haya. Lutengano akainuka polepole, akafungua mahali alipohifadhi maneno ya Mzee Asajile. Asubuhi ya kwanza ilikuwapo. Zilizofuata zilikuwapo. Ile ya mwisho, ambamo mzee alimuaga Neema, jina la faili lilionekana, lakini lenyewe halikufunguka. Alijaribu kwa kila njia aliyoijua, safari hii bila haraka. Halikufunguka. Kuzimwa na kuwashwa kule kulikuwa kumelivunja.

Alipomweleza Bibi Tusekile, mama yule alifumba macho. "Mimi nilikuwapo," alisema. "Andika." Akasimulia alichokumbuka katika yale aliyosema kaka yake kwa binti yake. Mahali pengine alisita, akasema, "Hapa alisema vizuri zaidi, mimi siwezi." Lutengano akaandika hivyo hivyo, wala hakummalizia sentensi hata moja.

Kesho yake, penye kaburi, familia ilimwomba asome yeye, kwa kuwa ndiye aliyeandika. Alisoma maneno ya Mzee Asajile, na watu walicheka pale mzee alipotaka wacheke, wakalia pale ambapo hakutaka walie. Alipofika kwenye sehemu ya Neema alisimama, akasema mbele ya watu wote, "Kuanzia hapa maneno si ya mzee. Ni kama dada yake alivyoyakumbuka. Ya mzee mwenyewe yalipotea mikononi mwangu." Kisha akasoma.

Baada ya mazishi Neema alimjia. Alikuwa amesafiri usiku kucha na vumbi lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Akaomba karatasi, akaisoma peke yake, akauliza, "Alisema hivi kweli?"

"Alisema hivi," Lutengano alijibu, "na zaidi ya hivi."

"Zaidi vipi?"

Alitamani kumpa kitu. Alikuwa ameyachapa yale maneno kwa vidole vyake mwenyewe, lakini asubuhi ile, kama asubuhi zote, vidole vilikuwa vimekwenda mbele na masikio yakabaki nyuma. Hakukumbuka hata neno moja. Neema aliona kwamba hakumbuki. Akaikunja karatasi, akamshukuru kwa adabu, akaenda kukaa na shangazi yake.

Ndugu zangu, wengi wenu mmenijia mkisema mmeomba muda mrefu mrudishwe mlipokuwa, na hamrudishwi. Mimi nawauliza: je, ni kurudishwa ndiko kulikokataa kuja, au ni mikono yenu wenyewe iliyokatiza kurudishwa huko kila mara kulipoanza?