Matone ya Watu Kumi

"Jicho hupelekwa lingali linaona." Methali hii mmeisikia leo kwa fundi aliyekuja kuziba ufa wa tangi la maji, mkacheka, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa mlimani kwetu Upare, wajukuu zangu, na huyo fundi ameisema nusu. Kaeni niwaambie ilivyoanza, ila msitarajie kucheka tena.

Mwaka ule muuguzi wa zahanati, binti aitwaye Navoneiwa, alituletea barua kutoka wilayani. Daktari wa macho angekuja bondeni na kamera ya kupiga picha ndani ya jicho, kwa ajili ya wenye kisukari. Kijiji chetu kilipewa nafasi kumi. Wenye sukari tuliowajua walikuwa sitini na kitu! Navoneiwa akaandika majina kumi, na la kwanza lilikuwa la mdogo wangu Elieshi, aliyekuwa na sukari mwaka wa tisa.

Elieshi alikuwa karani wetu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu likilia kila nyumba hutoa mtu, naye huketi na daftari kuandika aliyefika na aliyetega. Macho yake, jamani! Alikuwa akimtambua mtu kwa mwendo angali ng'ambo ya bonde. Wavivu walimwogopa kuliko mwenyekiti.

Majina yakasomwa siku ya msaragambo. Kwetu kuna desturi: aliyezidiwa hutangulia. Machela ya kijiji ni moja, basi hubebwa aliye hoi kuliko wote. Ni desturi njema na imeokoa wengi, lakini siku ile ndiyo iliyotuponza. Mzee Kiondo, ambaye sukari ilikuwa imekwisha kumpofusha, alikuwa ameketi pale na fimbo yake, na jina lake halikusomwa. Watu wakaguna. Nikasimama mimi, kwa mdomo huu huu, nikamwambia mdogo wangu mbele za watu:

"Elieshi, huna haya? Unaona hadi sisimizi, halafu umnyime kipofu nafasi ya daktari wa macho?"

Navoneiwa akataka kusema kitu, tukamzomea, mtoto wa juzi atufundishe nini. Elieshi akachukua kalamu, akakata jina lake, akaandika la Kiondo. Wale tisa wengine nao wakaona haya, wakajitoa. Wakaandikwa vipofu watupu.

Tukawashusha kwa machela na kwa kushikana mikono, mwendo wa saa nne, maana gari halikuweza kupanda. Elieshi ndiye aliyemwongoza Mzee Kiondo.

Tulipofika, msaidizi wa daktari aliwatia wote kumi matone ya kutanua mboni, akawapanga kwenye benchi. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mpole. Akampima wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akatoka nje.

"Mama, mbona mmeniletea waliokwisha kupofuka?" akaniuliza.

"Tukuletee nani? Kwani wewe si daktari wa macho?"

"Kamera hii ni ya anayeona. Sukari hula mishipa ya nyuma ya jicho kimyakimya, wala haiumi. Tukigundua mapema tunaizuia kwa mionzi. Hawa, nisamehe, sina la kuwafanyia."

Nikamkamata Elieshi nikamsukuma mbele. "Basi mpime huyu! Huyu anaona! Ana sukari miaka tisa!"

Daktari akamgeukia msaidizi, naye akainua kichupa kitupu. Matone yalikuwa ya watu kumi, na yote yameishia kwenye macho yasiyoona.

"Tuje kesho?" nikauliza.

"Kesho niko kwingine, mama. Mlimani mmepewa siku moja kwa mwaka."

"Na watu wa mjini?"

Akainamisha uso. "Mjini kamera ipo kila siku. Siku nyingine inashinda bila mtu."

Akatuambia tumpeleke Elieshi mkoani. Tukasema tutakwenda, tukivuna. Nani auze mbuzi kwa jicho lisilouma? Tukaona heri kungoja mwaka, gari lirudi. Safari hii Elieshi aliandikwa wa kwanza na hakuna aliyeguna. Tulipiga baragumu, tukachimba barabara majuma sita ili gari lipande lenyewe. Siku ikafika, tukaketi kando ya barabara yetu mpya mpaka jua likachwa. Halikuja. Baadaye ikaja barua: huduma imehamishiwa vijiji vinavyofikika kwa urahisi. Loo! Nililia kwa hasira mpaka sauti ikakauka.

Msaragambo uliofuata, Elieshi alifungua daftari akasema, "Dada, nani amemwaga wino hapa?" Ukurasa ulikuwa mweupe. Tukauza mbuzi siku ile ile. Huko mkoani daktari aliangalia, akasema yale maneno tuliyokwisha kuyasikia bondeni. Hana la kumfanyia, tumechelewa.

Nikaanza kumwomba radhi mdogo wangu. Akanikatiza. "Dada, nyamaza. Jicho hupelekwa lingali linaona. Lakini mimi nilipelekwa. Nilisimama pale mlangoni nikiwa naona."

Ndiyo, huyo huyo bibi yenu mdogo, anayepukuchua mahindi hapo uani, ambaye mnamfichia fimbo mkidhani ni mchezo. Siku hizi maneno yake yameandikwa kwenye bango la zahanati, nusu yake tu, kana kwamba tulipofuka kwa uzembe. Na kamera mpaka leo iko mjini.

Basi mkiisema, isemeni nzima, kama tulivyoimaliza sisi tuliochimba barabara ile: Jicho hupelekwa lingali linaona, lakini lipelekwe mahali linapongojwa.

Sasa nendeni mkamrudishie fimbo yake.