Unga Langoni mwa Uwanja

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika ugali na kugombana kwa ajili ya mpira kama sisi, palikuwa na timu iitwayo Radi ya Bondeni. Msimu uliopita, Nyani wa Jabalini waliikandika saba bila. Saba! Mashabiki walirudi nyumbani hawasemezani.

Sasa msimu mpya ulikuwa unabisha hodi. Mashabiki wamejazana kwenye benchi la kahawa la Mama Kanga, nje ya uwanja, wanabishana tangu asubuhi.

"Mwaka huu kombe letu!" akanguruma Kiboko, mwenyekiti wao.

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo," akadakia Nyati. "Winga tunaye? Au yule anayekimbia huku amelala?"

Digidigi hakutulia. Mara asimame, mara achungulie jua. Usajili unafungwa jua likizama, nafasi iliyobaki ni moja tu, ya winga, na mchezaji lazima aingie mwenyewe uwanjani akasaini mbele ya karani Kobe. Misimu mitatu Digidigi ameomba. Misimu mitatu wamemcheka.

"Shikamoo Mwenyekiti. Winga mimi hapa."

"Wewe?" Kiboko akacheka, tumbo likatikisika, vikombe vikalia kacha! kacha! "Refa akipuliza filimbi si utapeperuka? Nafasi ni ya mpwa wangu, Tipwatipwa. Maliza kahawa mwanangu, ukasaini."

Tipwatipwa alikuwa kwenye kikombe cha tisa.

Roho ikamuuma Digidigi. Akajipenyeza jikoni. "Mama Kanga, niazime kibakuli cha unga wa muhogo, nitakurudishia." Akachomoka, fyuu! Baada ya kitambo kidogo akarudi anahema.

"Jamani! Jamani! Kwenye lango la kuingilia uwanjani pamemwagwa unga mweupe, toka nguzo hii hadi hii!"

Benchi zima likasimama. Si mnawajua mashabiki wa mpira? Watabishana kwa kila kitu, lakini wakisikia kuna dawa langoni, wote wanakuwa kitu kimoja.

"Nyani hao!" akafoka Nyati. "Ndiyo maana walitufunga saba!"

"Mchezaji wetu asikanyage pale!" Jasho likamtoka Kiboko. "Sasa apite wapi?"

"Kuna lile tundu ukutani wanalopitia wazamiaji wasio na tiketi," akasema Digidigi kwa upole. "Ila sijui kama..."

"Twendeni!"

Puku puku puku hadi ukutani. Tipwatipwa akaingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mabega, yakapita kwa taabu. Akaingiza tumbo. Kwaa!

"Mjomba! Siendi mbele, sirudi nyuma!"

"Vuta pumzi!"

"Nimevuta zote!"

Kiboko akasukuma, Nyati akasukuma, mashabiki wakapokezana: "Harambee! Heee!" Jua likawa jekundu.

Digidigi hakungoja. Akazunguka mpaka langoni, akapita juu ya unga, tik tik tik, mpaka kwa Kobe. Akasaini. Kobe akafunga daftari, paa! Na jua likazama.

Tipwatipwa, ambaye nusu yake ilikuwa ndani, ndiye aliyeona. "Mjomba! Digidigi kasaini!"

"Umepita wapi wewe?" Kiboko akapiga kelele ng'ambo ya ukuta.

"Langoni, Mzee."

"Na ile dawa?"

"Dawa gani? Unga wa muhogo wa Mama Kanga. Niliumwaga mwenyewe."

Kiboko akaketi chini, puu! Nyati akamtazama, akautazama ukuta, halafu akaangua kicheko.

"Sisi wote katuzungusha hivi, Mwenyekiti, beki wa Nyani atamkaba vipi? Mwaka huu kombe letu!"

"Nitoeni kwanza!" akalia Tipwatipwa.

Hadithi yangu nimeimwaga kama ule unga, wanangu. Ninyi mkiambiwa mahali pana dawa, kwanza ulizeni nani kasema.