Ngiri na Mkono wa Mbega

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Na anayesinzia?

Mfinyeni!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuajiriana kama sisi, Ngiri alikuwa na shamba la mpunga bondeni. Adui wa mpunga ni ndege. Basi Ngiri akamwajiri Mbega akae juu ya dungu, jukwaa la miti la mlinzi wa shamba, awafukuze ndege kwa kombeo. Ujira wake ulikuwa huu: yeye na wanawe waishi kwenye miti ya Ngiri na kula majani yake. Akiacha au kuachishwa kazi, wahame.

Siku moja ngazi ya dungu ilikatika. Mbega akaanguka, puu! Mkono wa kulia ukavunjika.

Ngiri hakuwa na roho mbaya, msimwonee. Alikwenda hadi chini ya mti, akaita, "Mbega ndugu yangu, mkono vipi?"

"Bado, bwana."

"Pole. Nitangoja."

Mpunga ukachanua. Ngiri akaenda tena. "Mkono vipi?"

"Bado, bwana."

"Pole," akasema, lakini safari hii alisema huku anageuka.

Punje changa za mpunga zikaanza kujaa maziwa, na ndege wakaja kama walioalikwa harusini. Ngiri hakupata usingizi. Mavuno yakipotea, atakula nini? Akaenda mara ya tatu.

"Mkono vipi?"

"Bado, bwana."

"Basi kazi huna. Nimempa Kunguru. Kesho uhame na wanao." Akatimua mbio, mkia juu, asije akasikia jibu.

Mbega akawatazama wanawe, akaumia kuliko alivyoumia siku ya kuanguka. Wahamie wapi, naye hawezi hata kumbeba mdogo? Akaenda kushtaki kwa Bi Mbuni, mwamuzi wa bonde lile. Bi Mbuni akaitisha baraza pale pale kando ya shamba.

Ngiri akajitetea. "Mpunga hauna subira, Bi Mbuni. Nimengoja vya kutosha. Asiyeweza kurusha kombeo ni wa nini kwangu?"

"Unalosema lina ukweli," Bi Mbuni akasema. "Hakuna anayekulazimisha umngoje mgonjwa mpaka siku ya kiama. Ila nijibu. Ulimuuliza mganga mkono utapona lini?"

"La."

"Ulimwonya Mbega kwamba kazi iko hatarini, naye aseme lake?"

"La."

"Ulimtafutia kazi nyepesi anayoiweza?"

Ngiri akachimbua udongo kwa pua. "La. Mwenye mkono mmoja ataweza nini?"

"Usiniulize mimi. Mwenyewe si huyo hapo?"

Ngiri akamgeukia Mbega. "Haya, unaweza nini?"

Mbega akavuta pumzi, akanguruma: rrroo! Rrroo! Rrroo! Ndege wakaruka shamba zima, wakavuka mto. Wa mwisho kuruka alikuwa Kunguru, kutoka juu ya dungu, mdomo umejaa mpunga.

Baraza zima likacheka mpaka likashika mbavu. Ngiri peke yake hakucheka.

Bi Mbuni akakata shauri. Mbega asihame. Akae chini ya dungu, angurume, kombeo lipumzike. Baada ya mavuno mganga aitwe. Ikionekana kazi kweli haiwezi tena, na nyingine hakuna, hapo Ngiri ana ruhusa ya kumwachisha, kwa kauli njema, na ampe muda wa kutafuta mti mwingine.

Wanyama wakatawanyika. Ngiri akabaki na Mbega.

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu?"

"Bwana, ulikuja mara tatu," Mbega akasema. "Mara zote tatu uliujulia hali mkono. Mimi hukuniuliza."

Ngiri akaona haya, maana ni kweli.

Basi enyi wenye kuajiri, funzo ndilo hilo. Mfanyakazi akiugua sana, kumwachisha kunawezekana, lakini kuwe mwisho wa safari, si mwanzo. Kwanza muulize, msikilize, mtafutie lililo ndani ya uwezo wake.

Hadithi yangu imekomea hapa. Mwenye shamba aende shambani, na mgonjwa apewe uji.