Jani Mdomoni mwa Nankondo

Mpo? Mmekuja na masikio? Basi yatoeni ndani ya shuka.

Hapo kale, kale ya kale, milima hii ya Upare ilipokuwa bado ikigombania urefu, alikuwako mganga wa miti shamba, jina lake Nankondo. Mwenye mafua alimchemshia kivumbasi. Mwenye kuharisha alimpa majani ya mpera. Aliyeungua alimpaka utomvu wa shubiri. Wewe unayekunja uso huko nyuma, shubiri hiyo hiyo nilikupaka juzi, ukalia mpaka mbuzi wakatushangaa.

Lakini homa kali, wajukuu zangu, ilitaka mzizi wa kule bondeni, na mzizi ule ulikuwa na mwiko. Anayeuchimba alibana jani midomoni, asiseme mpaka mgonjwa anywe. Akisema neno moja tu, anautupa, anarudi bondeni kuchimba upya.

Nankondo alikuwa na mdogo wake, Nakijwa. Siku Nakijwa alipofiwa na mwanawe wa pekee, alisimama njiani akilia. Nankondo akatokea na mzizi wa mgonjwa mwingine, jani mdomoni. Akapita. Akapita bila kusema pole! Jioni alirudi mbio, akagonga, akagonga, mlango haukufunguliwa. Nakijwa aliujua mwiko, lakini moyo wake ulisema, hata leo? Nami simlaumu.

Masika yakapita, yakapita tena, hawasemezani.

Mwaka wa tatu, mtoto wa jirani akashikwa na homa, hajui mama wala baba. Nankondo akaenda bondeni, akachimba, akabana jani, akarudi anapandisha mlima. Nani yuko njiani? Nakijwa.

Nakijwa akasema, “Dada, nimechoka kukununia. Niseme nawe.”

Mnaona mtego? Akijibu, dawa imeharibika na mtoto hatafika jioni. Akipita, amempoteza mdogo wake moja kwa moja. Machozi yakamtoka Nankondo. Akafanya nini? Akamshika mdogo wake mkono. Akampa ule mzizi aubebe. Wakapanda pamoja, kimya, mkono kwa mkono.

Mzizi ukapondwa, ukachemshwa, mtoto akanyweshwa. Akatapika, akanyweshwa tena. Jasho likamtoka, akafumbua macho, akaomba uji. Nakijwa alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili, akiona kwa macho yake kile ambacho dada yake alikibeba siku ile ya msiba.

Ndipo Nankondo akatoa jani mdomoni. Neno la kwanza likawa hili:

“Nakijwa, mdogo wangu, pole kwa kufiwa na mwanao.”

Basi, wajukuu zangu, mtu akikupita kimya, kabla hujanuna mtazame kwanza amebeba nini. Na nyinyi mliobeba, mkishatua, rudini mkaseme pole, hata kama miaka imepita.

Kisa changu nimekitua hapa. Anayekwenda nacho nyumbani asikimwage njiani.