Nazi Ambazo Vuai Hakuziangua

Hapo zamani, motokaa ilipokuwa moja tu katika mji mzima, nayo ni ya Sultani, alikuwako mkwezi mmoja fukara, jina lake Vuai, na katika watu wote wa mji ule ni yeye peke yake aliyejaaliwa kugongwa nayo. Ikamvunja mguu. Mganga akaufunga, akamwambia, "Mnazi hutaukwea tena." Basi nyumbani ikawa hakuliwi ila muhogo wa majirani, na mkewe, Mize, akamwambia, "Mume wangu, nenda ukadai. Watoto hawashibi pole."

Vuai akajikongoja hadi barazani kwa Sultani, akaomba fidia ya kazi aliyoipoteza.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "mguu wako tumeutibu. Ama kazi, kazi gani? Mchumia juani hulia kivulini, nawe twasikia hutoki kivulini."

"Ni kweli, maulana. Uvivu wangu wajulikana hata na kunguru. Lakini zamani nilikaa kwa kupenda, na leo nakaa kwa kukosa. Hata uvivu wenyewe umeniishia utamu."

Watu wakacheka. Lakini Sultani alikuwa mkono wa birika, akasema, "Sisi hatulipi tusichokiona. Tuonyeshe hizo nazi ambazo hukuziangua. Ukishindwa, usirudi tena hapa."

"Nimesikia, maulana. Kesho njoo shambani kwako, utaziona."

Na shamba lile mkwezi wake alikuwa Vuai, na tangu aumie halikuguswa, kwa kuwa ni desturi ya wakwezi wa mji ule kwamba shamba la mgonjwa hakwei mwenzake mpaka mwenyewe atoe ruhusa. Basi Sultani alipofika na waziri wake, akakuta mkeka mzuri umetandikwa chini ya mnazi mrefu.

"Ketini, mabwana zangu," akasema Vuai. "Nazi nisizoziangua ndizo hizo juu ya vichwa vyenu. Zimekauka barabara. Mimi siwezi kuzifuata, lakini zitakuja zenyewe."

Hajamaliza kusema, puu! Moja ikatua kati ya Sultani na waziri. Waziri akatimua mbio, akaacha kilemba. Sultani akaruka kando, akapiga kelele, "Nani atazishusha hizi? Nitampa atakacho!"

Vuai akainamisha kichwa kwa adabu. "Maulana, kazi yangu sasa umeiona, na bei umeitaja mwenyewe."

Sultani akatazama juu, akasogea mbali zaidi, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Akaamuru Vuai apewe theluthi ya nazi za shamba lile maisha yake yote, na Vuai akawapa wenziwe ruhusa ya kukwea.

Nazi za kwanza zilipomwagwa mlangoni, Mize akazitazama huku machozi ya furaha yakimlengalenga, akasema, "Mume wangu, ulipokuwa na miguu miwili mizima hukupata kuniletea hata robo ya hizi. Mbona hukugongwa mapema?"

"Nisamehe, mke wangu," akajibu Vuai. "Wanijua, mimi kazini huchelewa siku zote."