Kakakuona na Kamba ya Shule

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko wote. Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mikuyu walikuwa na shule yao. Shule nzuri, uwanja mpana, nyasi fupi. Mwalimu wa michezo alikuwa Swala. Mwalimu mwema, simsemi vibaya, ila alikuwa na desturi yake moja.

Akitaka kuchagua watoto wa mchezo wowote, alifika uwanjani alfajiri, jogoo hajamaliza kuwika, akapuliza filimbi: firiii! Watoto wakatimka mbio kutoka langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera. Kumi wa kwanza wamechaguliwa. Waliobaki, poleni.

Mpira, mbio. Ngoma, mbio. Hata kwaya ilichaguliwa kwa mbio. Basi kwaya ikajaa sungura na digidigi, na Chura mwenye sauti yake akabaki nje ya dirisha, anaitikia peke yake. Kwaya ile miguu ilikuwa nayo, sauti haikuwa nayo. Na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mwalimu aliyetangulia.

Sasa, alikuwapo binti mmoja, Kakakuona. Mnamjua kakakuona? Yule mwenye magamba mwili mzima na kucha ndefu za kufukulia mchwa. Akitembea, kwaru, kwaru, kwaru. Kwao kulikuwa nyuma ya vilima viwili. Binti huyu alipenda mchezo mmoja tu, kuvuta kamba. Alitamani kuishika kamba ya shule siku ya kushindana na shule ya ng'ambo ya mto. Na kila mwaka siku ya kuchaguliwa alifika, kwaru, kwaru, akakuta filimbi imeshalia, majina yameshaandikwa, na Mwalimu Swala anakunywa uji.

Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili alilia. Mwaka wa tatu alikwenda na mama yake.

Mama Kakakuona hakuwa wa maneno mengi. Alimwamkia mwalimu, akauliza habari za nyumbani, akapewa kigoda. Kisha akasema, "Mwalimu, uwanja huu tuliufyeka sote. Mimi na mume wangu tuling'oa visiki kwa kucha hizi. Siku ile mbona hatukushindanishwa mbio kwanza?"

Mwalimu Swala akakohoa. Akasema sheria ni moja kwa wote, filimbi haimbagui mtu, kila mtoto anaruhusiwa kukimbia.

"Kukimbia anaruhusiwa," mama akajibu. "Lakini huo mchezo ni wa kukimbia au wa kuvuta?"

Watoto wakatazamana. Mwalimu akaitazama kamba, akatazama kwato zake. Alikuwa mwungwana, na mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Akasema, haya, leteni kamba.

Sungura watatu wakashika upande mmoja. Binti akashika wa pili, akazika kucha ardhini, akakaza mkia. Wakavuta, wakavuta, wakavuta. Binti hakusogea. Kisha yeye akavuta mara moja tu, na sungura wote, pu, pu, pu, kifudifudi. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Sungura nao wakacheka, maana hawakuwa na roho mbaya. Basi Mwalimu akawaita na wengine wasiowahi kuitwa, Kobe na Nungunungu, nao wakajaribiwa kwa kamba, si kwa mbio.

Siku ya mashindano ikafika, na Binti Kakakuona akawekwa mwisho wa kamba. Mvuto wa kwanza walishindwa. Wa pili wakashinda. Wa tatu wakavuta mpaka jasho likaingia machoni, na wale wa ng'ambo wakaja wazimawazima, pwata, topeni. Furaha iliyokuwapo siku ile siwezi kuwasimulia nikaimaliza.

Katika bonde lile, mvutaji wa mwisho wa kamba iliyoshinda husindikizwa nyumbani kwa nyimbo. Walitaka kumbeba Binti Kakakuona. Akakataa, akasema anataka kutembea nao. Wakatembea. Kilima cha kwanza, nyimbo. Kilima cha pili, nyimbo zikapungua. Mawe, miiba, jua linaelekea kuzama, na bado hawajafika. Mwalimu Swala, na mbio zake zote, akakaa juu ya jiwe, anasugua kwato.

"Binti yangu," akauliza, "asubuhi unakuja kwa njia hii hii?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kila siku."

"Unaondoka saa ngapi?"

"Ninyi mkiwa bado mmelala."

Mwalimu akainamisha pembe. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa ya haki. "Miaka mitatu nimekuita mchelewaji," akasema, "na kumbe katika shule nzima wewe ndiye unayetangulia kuamka."

Toka siku hiyo, watoto walichaguliwa mchana, baada ya uji, wote wakiwa wamefika. Mvuta kamba alivutishwa kamba, na mwimbaji aliimbishwa.

Wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mnachambua mchele, funzo ni hili: shule ni ya wote, basi na nafasi zake ziwe za wote. Kabla hujamwambia mtoto kachelewa, itembee njia yake.

Ngano yangu inakomea hapo. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni mwenyewe.